Picha za ufukweni Bagamoyo zinapoharibika: dalili, chanzo na dawa yake

Kamera ndiyo husingiziwa kwanza. Bahari imetoka kama chai ya maziwa, uso wa modo umeingia giza, mwavuli mwekundu umekuwa doa lisiloonyesha mkunjo hata mmoja, na mtu anaanza kuulizia bei ya lenzi nyingine. Kwa picha za rangi za msimu wa joto kwenye fukwe za Bagamoyo, kosa kubwa huwa limeshafanyika nyumbani, pale tarehe na saa zilipopangwa bila kutazama mwezi.

Maelezo yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya ule wa kufungua pochi.

Bahari haionekani, au ina rangi ya tope

Kabla ya kugusa kamera, jiulize maji yako wapi. Ufukwe wa Bagamoyo una mteremko mdogo, hivyo maji yakikupwa bahari hurudi mbali na kuacha mchanga wenye maji, tope na mashua zilizolala ubavu. Hakuna kichujio kinachorudisha bahari iliyoondoka.

Kanuni yake ni rahisi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani wakati wa bamvua, maji hujaa karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: saa 10 alasiri ndiyo saa ya kupwa. Kwa kazi ya jioni, chagua tarehe kati ya siku moja kabla ya mwezi mpevu au mwandamo na siku mbili baada yake. Anayefuata kalenda ya Kiislamu atafute tarehe 14 hadi 16, au 29 hadi 2. Kisha hakikisha kwa jedwali la maji la Dar es Salaam, au muulize mvuvi yeyote pale sokoni. Jibu lake halipitwi na programu ya simu.

Bamvua ina adha yake. Maji yakijaa kabisa ufukwe hubaki mwembamba, na bamvua za Machi, Aprili, Septemba na Oktoba huwa kubwa zaidi. Ikiwa maji yanafika kileleni mapema alasiri, anza kazi kama saa moja baadaye, yanapoanza kurudi na kuacha mchanga laini usio na nyayo. Mabegi yakae juu ya ule mstari wa mwani mkavu. Mstari huo umechorwa na bahari yenyewe kukuonyesha inafika wapi.

Chanzo cha pili ni jua kuwa mbele ya kamera. Bagamoyo inatazama mashariki. Asubuhi, ukimweka modo na bahari nyuma yake, jua liko usoni pa lenzi: maji yanatoka rangi ya bati, anga linakuwa jeupe, rangi za nguo zinafifia. Mwanga huo unafaa kwa picha za kivuli cheusi mbele ya dhahabu, na kwa hizo inakupasa uwe mchangani kabla jua halijachomoza, jambo ambalo kulingana na mwezi wa mwaka hutokea kati ya saa 11:57 alfajiri na saa 12:37. Kwa picha za rangi, fanya kazi saa 10 hadi 11:45 jioni. Jua linakuwa mgongoni mwa mpigapicha, linaangaza uso wa modo, na bahari inapata bluu yake. Usihesabu dakika zote hadi machweo, kwa sababu minazi na majengo ya upande wa mji hulificha jua mapema na kivuli hutangulia kufika majini.

Kutokana na hilo, mteja anayetaka jua linazama baharini aambiwe ukweli kabla hajalipa chochote. Kwa Bagamoyo jua huzama nchi kavu, nyuma ya minazi.

Chanzo cha tatu ni msimu. Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini ya mji, na masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, hushuka na udongo mwingi. Ukiona maji ya kahawia hata wakati wa kujaa, sogea kusini, mbali na mdomo wa mto, au piga kutoka chini: weka kamera usawa wa goti ili anga lichukue nafasi kubwa na maji yabaki mstari mwembamba.

Polaraiza, kichujio cha lenzi kinachopunguza mng'ao wa maji na anga, ndiyo ya mwisho kuijaribu. Hufanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni mwako, kwa hiyo saa 10 jioni itakusaidia ukielekeza kamera kaskazini au kusini, kufuata urefu wa ufukwe. Ukielekeza mashariki moja kwa moja faida ni ndogo, na kioo hicho hula mwanga wa stopu moja hadi mbili bure (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu).

Uso umekuwa mweusi, macho ni mashimo

Kama ilikuwa kati ya saa 5 na saa 9 mchana, usitafute zaidi. Katika latitudo hii jua hupita karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba hupita utosini hasa. Nyusi zinakuwa paa la macho. Ratiba ikikulazimisha kupiga saa hizo, mwingize modo ukingoni mwa banda la makuti, hatua moja tu ndani ya kivuli, akitazama nje. Mchanga mweupe ulio mbele yake utarudisha mwanga usoni bila kifaa chochote.

Kama ilikuwa jioni na bado uso ni giza, kamera imedanganywa na mchanga na anga. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi ndiyo inayolipa. Fanya hivi kwa kufuatana:

1. Kwa simu, gusa uso na ushikilie kidole hadi kipimo kijifunge, kisha vuta alama ya jua juu kidogo.
2. Kwa kamera, badilisha upimaji wa mwanga uwe wa nukta moja, upime shavu lililo kwenye mwanga. Au baki na upimaji wa kawaida ukaongeza fidia ya mwanga ya stopu +2/3 hadi +1 1/3.
3. Tumia cha kuakisi. Kinga jua ya kioo cha gari, ile ya rangi ya fedha, inatosha. Msaidizi aishike mita 1 hadi 1.5 kutoka kwa modo, usawa wa kifua. Ikishikwa chini ya magoti mwanga unapanda kidevuni, na mrembo anageuka mzuka.
4. Fleshi iwe ya mwisho. Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, isizidi 1/200 au 1/250 ya sekunde, kutegemea kamera. Ukiona ukanda mweusi umekata picha, umevuka kikomo hicho. Kamera ni nzima.

Kwa jua kali la wazi, mahali pa kuanzia ni ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) 100, tundu la lenzi f/4 na spidi ya 1/2000, au f/8 kwa 1/500. Kutoka hapo rekebisha kwa kutazama uso, usitazame anga.

Kofia ya ukili ina kasoro yake: tundu ndogo za ususi humwaga vidoa vya mwanga shavuni kama ugonjwa wa ngozi. Irudishe kofia nyuma hadi ukingo uache paji la uso wazi, au iwe ya kushikwa mkononi. Na modo anayekunja macho kwa jua ayafumbe, ahesabiwe hadi tatu, afumbue, upige papo hapo. Una sekunde mbili tu kabla hajakunja tena.

Rangi zinapigana, au zimeungua

Mara nyingi ni wingi. Watu hubeba mwavuli wa upinde wa mvua, mpira wa mistari, kitenge chenye maua, miwani ya njano na kapu la pinki, wakidhani huo ndio uchangamfu. Jicho linakosa pa kutua. Bahari na anga ni rangi moja tayari, mchanga ni ya pili. Ongeza mbili, tatu zikizidi. Njano ya ndizi na nyekundu ya tikiti hukaa vizuri mbele ya bluu. Nguo ya bluu au ya kijani iliyofifia humezwa na bahari. Tandika kila kitu juu ya mkeka nyumbani, upige picha moja kwa simu. Kinachokukera kwenye picha hiyo kibaki nyumbani.

Chanzo cha pili ni nyekundu kuungua. Kitambaa chekundu kwenye jua hujaza mkondo wake wa rangi kabla ya mingine, na mikunjo yote inapotea hata kama uso uko sawa. Fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya kamera inayoonyesha kiasi cha nyekundu, kijani na bluu. Ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi moja hadi mbili za stopu, na upige kwa faili ghafi la RAW. Kwenye JPEG, faili la kawaida la picha, mikunjo iliyoungua hairudi.

Chanzo cha tatu ni rangi kumwagikia ngozi. Mwavuli wa kijani humpaka modo ukijani, khanga ya njano humwagia kidevu unjano. Watu huhangaika na mizani ya weupe (marekebisho ya kufanya nyeupe ionekane nyeupe) kwenye kompyuta, lakini ukisahihisha uso, mchanga unaharibika. Dawa ni kuushika mwavuli nyuma ya bega badala ya juu ya kichwa, ubaki pambo na usiwe paa. Ukiutaka uwe paa, tumia mweupe. Na mizani hiyo iwekwe kwenye alama ya jua, isiachwe ijichagulie, ama sivyo kila picha itakuja na rangi yake.

Kwa khanga kuna kosa ambalo kamera haihusiki nalo. Kabla ya kumvika modo, soma jina. Watazamaji wa mwambao watasoma maandishi hayo kabla ya kuangalia sura, na jina la kijembe kwenye tangazo la hoteli litazungumzwa kuliko hoteli yenyewe. Hakikisha pia jina halijapinduliwa wala kukatwa na mkunjo, na pindo zote zinaonekana kama ni picha ya khanga iliyotandazwa. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu huhifadhi picha kama ya kwenye kioo, hivyo maandishi hutoka kinyume.

Upepo unavunja mpango

Desemba hadi Machi ni kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki. Ukiwa umeitazama bahari, unatoka kushoto kwako. Modo ageuze uso upande huo wa kushoto kwako, nywele na mtandio virudi nyuma. Akigeukia kulia kwako, nywele zote zinamfunika. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, kanuni inageuka: upepo hutoka kusini mashariki, naye ageukie kulia kwako. Hili peke yake huokoa nusu ya picha zinazofutwa.

Mwavuli unaopinduka umeshikwa vibaya: kilele chake ndicho kinachotakiwa kuelekea upepo. Mwavuli mkubwa wa kuchomeka mchangani uingie angalau sentimita 45, na mguuni ufungwe kiroba kilichojazwa mchanga wa hapohapo. Upepo ukianza kuuinua, ulaze chini mara moja. Mwavuli wa ufukweni unaoruka humjeruhi mtu kwa ncha yake, kwa hiyo hapa hakuna kujaribu mara ya pili.

Maputo hupasuka kwa joto yakijazwa hadi mwisho. Yajazwe robo tatu, yakae kivulini, na mabaki yote yaokotwe kabla ya maji kuyabeba. Kwa kweli ni afadhali kuyaacha. Mkeka wa ukindu, dema la zamani, pakacha, kasia la kuazima na mtandio wa mita mbili vinafanya kazi kubwa zaidi, na havionekani kama vimetoka kwenye sherehe ya kuzaliwa.

Matunda yakatwe ufukweni, dakika tano kabla ya kutumika. Tikiti moja la kilo 4 hadi 5 latosha: nusu ya vipande kwa picha, nusu ya akiba ndani ya boksi la barafu. Likikaa juani robo saa linakauka usoni na nzi wamefika. Dafu likimwagika kwenye nguo nyeupe, suuza palepale, maana doa lake huja baadaye likiwa la kahawia na halitoki.

Usimweke modo chini ya mnazi wenye nazi, hata kwa picha moja.

Uso unang'aa kama umepakwa mafuta

Ni jasho, na poda juu ya jasho ni tope. Kausha kwanza kwa kugandamiza tishu bila kusugua, ndipo uguse poda kidogo paji la uso, pua na kidevu. Rudia kila dakika 15 hadi 20. Kama mng'ao umekaa upande mmoja tu, tatizo ni pembe ya jua. Zungusha mabega yake kidogo. Ukijivujivu unaotokea kwenye picha za fleshi mara nyingi ni krimu ya kuzuia jua, hasa yenye madini meupe ya zinki au titani. Ipakwe mapema, nusu saa kabla, na ukiona bado inarudisha weupe, zima fleshi. Usiondoe krimu.

Picha zina ukungu

Futa lenzi ya simu. Kweli, anza hapo. Kidole chenye mafuta ya kujipaka ndicho chanzo cha kwanza.

Kama ukungu umetokea mara tu baada ya kushuka garini, ni kiyoyozi. Kioo cha baridi kimekutana na hewa yenye unyevu. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Usifungue lenzi kuifuta ndani, maana utauingiza unyevu huo mpaka kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Wanaotoka Dar es Salaam wazime kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika.

Ukungu unaorudi mchana kutwa ni chumvi. Upepo wa bahari huirusha hata usipoyagusa maji. Puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mpira, kisha futa kwa kitambaa cha lenzi kilicholowa kidogo maji safi. Ukianza na kitambaa, mchanga unakuwa msasa. Usibadilishe lenzi ufukweni. Chagua moja ya kutembea nayo, mfano ya kuvuta ya milimita 24-70, ukae nayo.

Simama hapa. Kamera ikitumbukia maji ya bahari, izime, toa betri na kadi, usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi". Mchele hautoi chumvi, na chumvi huendelea kula saketi hata baada ya kukauka. Ipeleke kwa fundi wa kamera siku hiyohiyo. Fleshi iliyoloa usiifungue kabisa: ndani hubaki na umeme mkali hata betri zikiwa zimetolewa.

Simu inayozima au kukataa fleshi imepata joto. Vua kava, punguza mwanga wa skrini, iweke kivulini. Usiilaze juu ya barafu, maana itazaa ukungu ndani.

Watu wanaingia kwenye picha, au wanakasirika

Soko la samaki na sehemu za kutengenezea majahazi hazikujengwa kuwa mandhari ya mtu. Omba kwanza, piga baadaye, na mwenye ngalawa akiruhusu, mpe chake. "Shikamoo mzee, tunaomba kupiga picha karibu na chombo chako" hufungua mengi yasiyofunguliwa na fedha. Mji ni wa Waislamu wengi: nguo za kuogelea zivaliwe ufukweni mbele ya hoteli iliyokubali, na modo ajifunge khanga kabla ya kupita mitaani. Picha za biashara kwenye magofu ya Kaole na majengo ya kale zinahitaji ruhusa ya wasimamizi wa eneo. Ulizia siku kadhaa kabla, si langoni. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na modo asaini ridhaa kabla ya picha ya kwanza, ikieleza picha zitatumika wapi, maana baada ya kazi kila mtu ana haraka ya kuondoka.

Modo amelegea

Pozi zinapokuwa za kujilazimisha, kwanza muulize amekunywa nini. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu kwa kazi ya saa mbili, na mpumzishe kivulini dakika kumi kila baada ya dakika thelathini. Miguu ikiungua hawezi kutabasamu. Mchanga mkavu wa mchana huchoma, kwa hiyo ndala zimngoje nje ya fremu.

Kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza ni amri ya kusimamisha kazi: kivuli, maji, kitambaa baridi shingoni. Akianza kuongea ovyo, ngozi ikiwa ya moto sana, au akizimia, mmwagie maji na umpepee mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimnyweshe kitu asiye na fahamu zake.

Akiingia majini aburute nyayo badala ya kukanyaga, ili samaki taa, yule bapa mwenye mwiba, aliyejifukia mchangani akimbie. Akichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, mtu mwingine ayapime kwa mkono wake kwanza, kisha hospitali. Kipande cha mwiba kilichozama ndani kiachwe kwa daktari.

Picha ya kwenye ngalawa ipigwe ikiwa imepanda mchangani. Ya majini ni ya nahodha mwenyewe kuamua, na maboya ya kuokolea yavaliwe hata kama yanaharibu rangi.